Maduka ya Abercelyn

Ixelles, Brussels, 14 Machi 2011

Kwako Anaïs, binti wa kaka yangu,

Nimekaa kwenye meza ya dirishani. Mgahawa bado haujafunguliwa, sombe ya majani ya muhogo iko motoni, na nje mvua inaosha Chaussée d'Ixelles yote. Sisi tuko wazima. Goti langu linaniuma mvua ikikaribia, donc linaniuma kila siku. Baba yako Banza alipiga simu Jumapili kutoka Lubumbashi. Sauti yake bado ni ile ya mkuu wa stesheni, na kila akimtaja mume wako anasema "mon ingénieur", injinia wangu, kana kwamba yeye ndiye aliyemlipia masomo. Modeste wa jikoni bado ananipikia samaki na bado anaunguza wali.

Tangu uolewe ukaenda huko Pays de Galles, hiyo Wales, nyumba imekuwa kubwa mno. Nimekulea tangu mama yako afariki. Nilizoea kukusikia ukiimba huku unamenya vitunguu na kuchambua lengalenga, mchicha wetu. Wateja wanaulizia: yule mutoto wa lengalenga yuko wapi? Nawaambia umepata bwana na nyumba, na nyuso zao zinafurahi kuliko wangu.

Nikipiga simu, anapokea Rigobert. Ananiambia umekwenda sokoni. Juzi ulikuwa sokoni, wiki ile nyingine pia ulikuwa sokoni. Bon, mke anayependa soko si mke mbaya. Ndiyo maana leo nimenunua stempu.

Niambie basi. Huko Abercelyn mnanunua wapi? Mnakula wapi? Unga wa bukari, wa ugali, unaupata? Samaki je? Mimi nimepika maisha yangu yote, siwezi kumwaza muntu kama sijui anakula nini.

Msalimu mume wako. Mungu alale mlangoni kwenu.

Tantine yako,
Mbombo


Abercelyn, 9 Aprili 2011

Tantine Mbombo mpendwa,

Barua yako Rigobert aliniletea mwenyewe mkononi. Pole kwa goti. Sisi hatujambo. Kazi yake kwenye kiwanda cha vipuri vya ndege inakwenda vizuri, amepewa watu wa kuwasimamia. Nyumba ina vyumba viwili na ua mdogo nyuma wa kuanikia nguo. Mvua ya hapa hainyeshi kutoka juu, inakuja kwa ubavu.

Umeuliza kuhusu maduka. Abercelyn ni mji mdogo wenye haiba ya pekee. Una soko la ndani lenye paa la vioo, lililojengwa katika karne ya kumi na tisa. Humo yumo muuza jibini mwenye aina nyingi za kuchagua, na muuza samaki anayeleta kome wadogo kutoka pwani ya karibu. Wanauza pia mwani uliochemshwa mpaka ukalainika ukawa kama sombe nyeusi. Asubuhi watu huukaanga wakaula na nyama ya nguruwe. Katika Mtaa wa Daraja kuna bucha ya familia, kizazi cha nne sasa, yenye nyama ya kondoo wa milimani. Mkabala na saa ya mji kuna duka la mikate. Wanaoka mkate mweusi wa zabibu kavu zilizolowekwa kwenye chai. Kwa chakula cha mchana kuna mkahawa kando ya mto, wenye mandhari ya daraja la kale na supu ya kondoo na liki. Kwa hafla maalumu kuna hoteli juu ya kilima. Inashauriwa kuweka nafasi mapema.

Unaona, hatukosi kitu. Mwambie Baba asiwe na wasiwasi. Msalimu Modeste, mwambie apunguze moto.

Mwanao,
Anaïs

Tantine, salamu nyingi. Binti yako anakula vizuri kuliko sisi sote, usihangaike. — Rigobert


Ixelles, 3 Mei 2011

Anaïs wangu,

Tuko salama, isipokuwa bomba la jikoni limepasuka na fundi anasema kesho, kesho. Baba yako amepona malaria. Anauliza kama tumbo lina habari. Namwambia tumbo ni la mwenyewe, lakini na mimi nauliza.

Barua yako nimewasomea wateja. Nilipofika kwenye mwani unaofanana na sombe, Modeste alitema chai. Wazee wa pale pembeni wakasema mzungu ni muntu wa ajabu: ana nyama, anakwenda kula majani ya bahari! Tulicheka sana.

Usiku wake nikaisoma tena peke yangu. Mwanangu, umeandika kama redio. Muuza samaki anaitwa nani? Ni mwanamume au mwanamke? Ukimwambia samaki wake hana macho mazuri, anakujibuje? Wewe ulikuwa unagombana na wauzaji wote wa soko la Flagey kwa nyanya moja iliyopondeka, mpaka yule Mmoroko wa mwisho akawa anakuficha matunda mazuri akikuona unakuja. Sasa umekwenda nchi nzima ya watu na hakuna hata mmoja uliyegombana naye?

Nitumie mkate ule wa zabibu. Kipande tu, wa pale mkabala na saa. Nataka kuonja unachoonja.

Rigobert, najua unasoma. Asante kwa salamu. Mwachie simu mke wako siku moja, nisikie sauti yake.

Mbombo


Abercelyn, 27 Juni 2011

Tantine mpendwa,

Nisamehe kwa kuchelewa, siku zinapita bila mimi kujua. Habari ya kwanza: ninatarajia mtoto. Ni mwezi wa tano. Rigobert alitaka tungoje kabla ya kusema. Mwambie Baba.

Mkate Rigobert aliutuma kutokea kazini kwake, natumaini umefika.

Muuza samaki ni mtu mwema. Jina lake ni gumu kutamka. Jumamosi tulikula kwenye mkahawa wa kando ya mto. Supu ilikuwa ya moto. Maegesho ni ya bure, na mbwa wanakaribishwa upande wa nje.

Sina mengi. Nachoka haraka. Usijali.

Anaïs


Ixelles, 11 Julai 2011

Anaïs, mama yangu mdogo,

Kwa mtoto huyu nimeimba jikoni mpaka watu wa ghorofani wakagonga sakafu. Baba yako alilia kwenye simu, halafu akasema ni kikohozi. Kula mboga. Usinyanyue maji. Lala kwa ubavu.

Mkate umefika. Umekuja ndani ya plastiki ya supamaketi, ya supamaketi zile ambazo hata sisi tunazo. Anwani imeandikwa kwa mkono wa mume wako.

Unaniambia maegesho ni ya bure. Sawa. Lakini gari hujawahi kuendesha. Na mbwa unawaogopa tangu yule wa Bel-Air, kule Lubumbashi, alipokurarua mguu. Hata mbwa wa bibi wa Etterbeek, uliyekuwa unamfanyia usafi, ulikuwa unaomba afungiwe kwanza chooni. Sasa unafurahi kwamba mbwa wanakaribishwa?

Sitauliza zaidi katika karatasi hii. Unajua kwa nini.

Nitakuja mtoto akizaliwa. Nimemwambia Rigobert kwenye simu, akasema nyumba ni ndogo. Nikamwambia nimekwisha kulala mahali padogo kuliko hapo. Akasema tutaona.

Mimi sioni. Mimi nitakuja.

Mbombo


Abercelyn, 30 Agosti 2011

Tantine,

Barua hii haikupita mikononi mwa Rigobert. Ameitia posta mama wa nyumba ya pili, Mrs. Pugh. Ukijibu, andika kwa anwani yake, ile ya nyuma ya bahasha. Usipige simu. Nakuomba.

Mtoto hayupo. Alizaliwa tarehe 19 Julai, kabla ya wakati wake, na hakulia. Damu ilianza asubuhi baada ya Rigobert kwenda kazini. Mlango ulikuwa umefungwa kwa nje, kama siku zote. Simu anakwenda nayo. Niligonga ukuta kwa sufuria, lakini siku hiyo Mrs. Pugh alikuwa kwa binti yake. Nililala kwenye sakafu ya jikoni, kwa sababu ni rahisi kusafisha. Ndivyo nilivyofikiri, tantine, nilifikiria sakafu. Aliporudi jioni alinipeleka hospitali. Huko yeye ndiye aliyesema kila kitu. Mimi Kiingereza changu ni kile kidogo unachokijua. Aliwaambia nilikuwa nimekataa kuja mapema. Alikozikwa mtoto sikuambiwa.

Sasa nikwambie juu ya maduka. Soko la Abercelyn sijaliona. Duka la mikate sijaliona, wala mto wenyewe. Tangu tufike hapa nimetoka kwenda hospitali, na mara moja kwenda kupigwa picha ya kibali cha kukaa. Yeye ndiye anayenunua vitu kila Jumamosi. Mwanzoni alisema ni baridi, nitaugua. Halafu akasema watu wa hapa hawapendi weusi. Halafu akaacha kutoa sababu.

Siku moja halmashauri ya mji ilipitisha kijitabu chini ya mlango: wapi pa kununua na wapi pa kula. Kina picha. Ulipouliza, Rigobert alisema, "Andika. Mwandikie vizuri, asije akaanza maneno." Nikafungua kijitabu, nikaandika. Nilikisoma kwa kamusi yangu ya shule mpaka nikakijua chote. Ndicho Kiingereza changu.

Mrs. Pugh nilimwona mara ya kwanza nikianika nguo uani. Ni mzee, anavaa koti la mume wake aliyekufa. Alinisemesha juu ya ukuta. Sikuelewa, nikamjibu kwa sentensi niliyoijua yote: inashauriwa kuweka nafasi mapema. Alicheka. Kisha akaniangalia usoni, akaacha kucheka. Kuanzia siku ile ananipitishia vitu juu ya ukuta: yai la kuchemsha, kalamu, karatasi hii.

Nilimwambia Baba haya mwezi wa kwanza tulipofika, siku Rigobert alipokuwa bafuni na simu iko mezani. Aliniambia ndoa ni uvumilivu.

Sijui nakuomba nini. Nilitaka tu ujue kwamba sikuwa nakudanganya kwa kupenda.

Anaïs


Ixelles, 8 Septemba 2011
(kwa mikono ya Mrs. Pugh)

Mwanangu,

Pole. Pole tena. Nimeandika neno hilo mara nyingi kwenye karatasi nyingine nikazitupa zote. Nimefunga mgahawa nikakaa sakafuni. Modeste alikuja kuninyanyua, nikamfukuza.

Nimempigia baba yako. Nakuandikia alivyosema ili usiendelee kumngoja.

"Mbombo, ule ni bwana yake. Usiende kubomoa nyumba ya bantu."

"Mutoto alikufa, Banza."

"Batoto banakufaka. Bataongeza mwingine."

"Mulango ilikuwa na funguo inje! Binti yako anafungiwa sawa mbuzi!"

Akakohoa. Nilidhani amelia. Halafu akasema, "Mwanamuke ni wa kuvumilia. Mama yake alinivumiliaka na mie." Nikakata simu. Sijawahi kumkatia kaka yangu simu tangu tuzaliwe.

Alhamisi ijayo nitakuja. Nitashuka treni ya London, nishike nyingine mpaka kwenu. Rigobert atakuwa kazini. Nitakuja kwa Mrs. Pugh, tutazungumza juu ya huo ukuta, na tutatafuta njia. Kiingereza sina, lakini nina mdomo na nina mikono.

Usifunge mfuko wa safari. Usionyeshe chochote. Kula.

Mbombo


Ixelles, 25 Septemba 2011

Anaïs,

Nakuandikia nilivyoona mimi, maana sijui wewe uliona nini.

Nilishuka teksi nikiwa na karatasi ya anwani mkononi. Kabla sijagonga kwa Mrs. Pugh, mlango wenu ukafunguka. Rigobert, kavaa shati jeupe, siku ya kazi. "Tantine! Karibu! Ungetuambia, tungekupokea stesheni." Akachukua mfuko wangu, akanibusu mashavu yote mawili. Akaita ndani, ukatoka. Mwanangu, nilikuwa nimekuacha mwenye mashavu. Nilikumbatia mifupa na sweta.

Nilidhani tutakaa ndani. Yeye akasema, "Bon, tantine ametoka mbali, twende kula fasi nzuri." Akatupeleka kwa gari kwenye ule mkahawa wa kando ya mto. Nilijua kwamba hujawahi kuuona. Uliingia ukitazama kuta kama muntu anayeingia kanisani. Daraja liko, ni kweli. Mbwa mmoja alikuwa pale nje, nawe ukapita upande wa pili wa Rigobert, na yeye akakushika kiwiko.

Msichana wa mkahawa alikuuliza unataka nini. Rigobert akajibu. Ikaja supu. Ukala vijiko vichache. Yeye alikuwa anasimulia habari za kazi, ananikatia mkate, anamchekesha yule msichana. Watu wa meza ya jirani walitutabasamia. Nilitazama uso wake nikasema moyoni: kama nisingepata ile barua, ningemwombea baraka.

Ndipo nikaweka kijiko. Nikakwambia, "Tuende na mie, mwanangu. Sasa hii. Acha vitu yote."

Hukuniangalia. Ukasema, "Niko muzuri, tantine."

"Anaïs."

"Niko muzuri."

"Unaona?" akasema Rigobert, kwa upole. "Iko muzuri. Alipata huzuni kwa sababu ya mutoto. Donc, siku ingine anasema mambo ya ajabu."

Alinipeleka stesheni. Alinibebea mfuko mpaka ndani ya behewa. Sombe niliyokuletea alisema ataiweka kwenye barafu. Wewe ulibaki ndani ya gari, kioo kimepandishwa.

Nimekasirika, Anaïs. Sitaki kukuficha. Nimekasirika naye, na kaka yangu, na wewe pia. Nilivuka bahari kukuchukua, ukaniambia uko muzuri. Kwa nini?

Niandikie. Hata kunitukana, niandikie.

Mbombo


Ixelles, 20 Novemba 2011

Mwanangu,

Hii ni barua nyingine bila jibu. Mrs. Pugh alinitumia kadi. Burhani wa duka la simu amenitafsiria. Mama huyo anasema aliita polisi, wakaja wawili, Rigobert akawakaribisha chai, na wewe ukawaambia kila kitu ni sawa. Anasema nguo sasa anaanika Rigobert.

Yale niliyosema kuhusu hasira, yafute. Mimi ni mzee mwenye mdomo. Siulizi tena kwa nini.

Niko hapa. Sihami. Mlango huu unaujua.

Mbombo


6 Februari 2012

Tantine Mbombo,

Usitafute jina la mji juu ya barua. Hapa nilipo ni nyumba ya hifadhi ya wanawake waliokimbia, na haturuhusiwi kusema iko wapi. Ukijibu, tumia sanduku la posta nililoandika kwenye bahasha. Niko hai. Nakula. Sikio la kushoto halisikii tena, daktari anasema halitarudi.

Uliuliza kwa nini, halafu ukafuta swali. Nitalijibu hata hivyo.

Wiki ile ulipokuja, Rigobert alikuwa amechukua likizo bila kuniambia. Alikuona kupitia dirisha. Kabla ya kufungua mlango aliniambia kwa sauti ya kawaida kabisa: "Tantine atapanda treni ya jioni. Wewe utarudi na mimi. Kumbuka hilo wakati unaongea." Pasipoti yangu ilikuwa kwenye kabati la ofisini kwake. Lakini hata hiyo si sababu yote. Uliposema tuende, nilitaka kusimama, miguu ikakataa. Nilikuwa nimekaa ndani muda mrefu mno. Ule mkahawa ulikuwa mpana, kulikuwa na watu wengi, nilijua kwamba kutoka mezani mpaka mlangoni sitafika. Ndivyo ilivyokuwa. Sina maelezo mazuri zaidi.

Baada ya polisi kuja, alinizuia hata uani. Mwezi wa kumi na mbili alikuta kwenye mfuko wa aproni yangu kalamu ya Mrs. Pugh. Alinipiga upande mmoja wa kichwa kwa mkono wazi, mara moja tu. Nikasikia kama filimbi, kisha nusu ya dunia ikanyamaza. Asubuhi yake akaenda kazini. Mlango wa mbele aliufunga. Mlango wa uani alisahau, au alidhani hauna maana tena.

Nilisukuma pipa la taka mpaka ukutani nikapanda juu yake. Mrs. Pugh alikuwa upande wake, alitoka na gauni la kulalia. Hakuuliza. Alinishika miguu nikaanguka juu yake, tukaangukia wote kwenye kabichi zake.

Tantine, ukuta ule unanifika kifuani. Nilipokaa jikoni kwake kungoja wanawake wa hapa waje kunichukua, nikautazama kwa dirisha lake, ulikuwa kaukuta tu. Hilo ndilo linaloniamsha usiku, kuliko lile kofi. Siku ya mtoto ulikuwa hapohapo, na mlango wa uani siku ile haukuwa na funguo.

Usimwambie Baba nilipo. Usimwambie mtu.

Anaïs


Ixelles, 1 Machi 2012

Anaïs, mwanangu,

Nimeishika barua yako mpaka wino umehamia kidoleni. Kuhusu ukuta, nisikilize. Muntu aliyefungiwa haoni urefu wa ukuta, anamwona aliyemfungia. Siku ya mtoto ulikuwa unakufa. Usiwe hakimu wako mwenyewe, kuna mahakimu wanaolipwa.

Sasa ukae chini. Rigobert alikuja hapa.

Alikuja Jumamosi mchana, mgahawa umejaa. Koti zuri, viatu vinang'aa. Alisalimia kila meza, "Jambo papa, jambo maman." Akakaa kwenye meza ya katikati, akaagiza bukari na makayabu, wale samaki wa chumvi. Modeste alinitazama, nikamwambia mpe. Nilitaka kuona.

Akala. Alikuwa anaongea kwa sauti ya kusikika, macho mekundu. Alisema mke wake amepata ugonjwa wa kichwa tangu mtoto afariki. Amekimbia. Wazungu wamemficha, na kuna watu wa familia wanaojua alipo na hawataki kusema. Papa Constant, yule mzee wa kanisa, akatikisa kichwa: "Banamuke ya siku hizi, Ulaya inabaharibu."

Nikaenda nikachukua sahani mbele yake. Ilikuwa bado nusu. Akasema, "Tantine, sijamaliza."

Nikasema, "Umemaliza."

Kisha nikawaambia wote, kwa Kiswahili, asije mtu akasema hakuelewa: "Mutoto ya Anaïs alikufa mu tumbo, na mulango ilikuwa na funguo inje. Huyu njo alikuwa na funguo. Sasa sikio yake moja haisikie tena. Huyu njo alimupiga. Mwenye anataka kula na yeye, ahame meza."

Rigobert alifuta mdomo, akakunja kitambaa vizuri, akasimama. Mlangoni akageuka: "Nitamupata." Modeste akatoka jikoni na mwiko wa bukari, ule mkubwa, akasimama karibu yangu. Akaenda zake.

Nisikufiche: Papa Constant na watu wake waliondoka pia. Hawajarudi. Kanisani viti vya pembeni yangu vinabaki wazi. Baba yako ametuma ujumbe kwamba nimeitia familia aibu mbele ya bantu, na kwamba hana dada. Nimeusoma nikaendelea kukata vitunguu.

Maneno ya Rigobert, "nitamupata", Burhani amenisaidia kuwaandikia wale wanawake wako. Watayapeleka panapohusika. Usije Brussels. Napenda kukuona kuliko macho yangu, lakini usije.

Mbombo


15 Aprili 2012

Tantine mpendwa,

Salamu kwako na kwa Modeste na mwiko wake. Mwambie nimecheka, na kwamba sikuwa nimecheka kwa sauti tangu nije hapa. Kuhusu Baba sina la kusema. Siku nikilipata nitalisema.

Maneno ya Rigobert ya mlangoni yamesaidia. Amekatazwa na mahakama kunikaribia. Kesi yenyewe itasikilizwa kipupwe, wanasema, na wanasema pia nisitegemee mengi: yeye ana kazi, ana wakili, ana majirani waliokunywa chai yake. Mrs. Pugh atasimama kama shahidi. Kuna mtu ameshamvunjia kioo cha dirisha. Amekibandika kwa gundi, amesema atakuja.

Wamejua alikozikwa mtoto. Ni Abercelyn, pembeni mwa makaburi, pamoja na wengine wadogo, kuna namba tu. Siwezi kwenda mpaka kesi iishe. Nimempa jina la Joël. Sikulisema kwa mtu mwingine. Likae kwako.

Jana nilitoka peke yangu. Hapa wanatufundisha taratibu: kwanza mpaka kona, kisha mpaka kituo cha basi. Jana ilikuwa zamu ya kununua kitu. Nilitembea nimeegemea ukuta, sikio zima upande wa barabara. Nikaingia duka la kwanza nililolikuta, duka dogo la matunda, chafu kidogo, ambalo hakuna kijitabu kingeliandika. Mwanamke wa pale aliniuliza, "Nikupe nini, mpenzi wangu?" Huwa wanasema hivyo kwa kila mtu.

Tantine, nilishindwa. Maneno nilikuwa nayo, Kiingereza sasa ninacho. Nilishindwa kujua ninachotaka. Nilitazama matunda yote na hakuna kitu ndani yangu kilichojibu. Nikaanza kulia pale mbele yake. Nyuma yangu kulikuwa na watu wawili au watatu na vikapu vyao. Nilingoja wakasirike. Wakangoja. Yule mwanamke akaweka mikono mezani, akangoja naye, kana kwamba duka lilijengwa kwa ajili hiyo.

Mwishowe nikanyoosha kidole. Zilikuwa chenza. Akazitia kwenye mfuko wa karatasi.

Nilizila zote barabarani, nimesimama, mvua inanyesha kwa ubavu. Moja ilikuwa imeoza upande mmoja. Nikarudi ndani, nikagombana naye, akanipa nyingine.

Anaïs